Dawa za kupaka kwa pumu ya ngozi ya wazee: kazi tatu, na tyubu moja inayochanganya mbili

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kinapokaza huko Makete, Njombe, Mufindi, Umalila na hata Mbeya mjini, baridi ya alfajiri hupokezana na hewa kavu ya mchana, na ngozi za wazee ndizo zinazoanza kulalamika. Miundi inapauka saa chache tu baada ya kupakwa mafuta. Wiki zikipita, nyufa nyembamba zinajichora juu ya ule ukavu. Usiku, blanketi likishashika joto, mzee anaanza kujikuna, na asubuhi shuka lina madoa ya damu.

Kinachofuata kinajulikana kwa kila muuza duka la dawa. Mjukuu anatumwa na elfu mbili au tatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikupe nini?"

"Dawa ya bibi. Miguu inamwasha."

"Inawasha sana?"

"Mpaka anatoka damu."

Anapewa tyubu. Hakuna aliyeuliza bibi ana miaka mingapi, anaoga na nini, anatumia dawa gani za presha, wala kama watu wengine nyumbani wanajikuna. Bibi anapaka siku tatu, anapata nafuu, anaacha. Wiki mbili baadaye hali inarudi, mara nyingine mbaya zaidi, na mjukuu anatumwa tena.

Swali "dawa gani ya kupaka inatibu pumu ya ngozi?" (yaani ekzema, ngozi inayovimba na kuwasha) limekaa vibaya tangu mwanzo, na ndiyo maana majibu yake yanapingana kutoka kwa jirani hadi jirani. Vitu tunavyoviita kwa jumla "dawa ya kupaka" vinafanya kazi tatu tofauti kabisa. Kuna kinachoirudishia ngozi mafuta na unyevu. Kuna kinachotuliza uvimbe na kuwasha ndani ya ngozi. Na kuna kinachoua vijidudu, yaani fangasi, bakteria au wadudu wa upele. Mzee mwenye pumu ya ngozi anahitaji kazi ya kwanza kila siku ya maisha yake, kazi ya pili kwa vipindi, na kazi ya tatu mara chache sana. Madukani mpangilio huo umepinduliwa: anauziwa ya pili na ya tatu zikiwa zimechanganywa, na ya kwanza haitajwi.

Ngozi imebadilika kabla ugonjwa haujaingia

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta wa tofali za kuchoma: seli zilizokufa ndizo tofali, na mafuta maalumu ya ngozi ndiyo udongo unaoziba mianya. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki ovyo, na sabuni, vumbi na vijidudu haviingii. Umri unapopita miaka sitini hivi, mwili hutengeneza mafuta hayo kwa uchache, tezi za mafuta na za jasho hupungua kasi, na mahali palipochubuka huchelewa kujiziba. Chini ya tabaka hilo, ngozi yenyewe inakuwa nyembamba. Ndiyo sababu mkono wa bibi unavilia damu kwa kugongwa kidogo tu na kitasa cha mlango.

Uasidi nao unabadilika. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, kwa kipimo cha pH ikiwa karibu na 5. Kwa mzee kipimo hicho hupanda. Sasa chukua sabuni ya mche, ile ya kufulia ambayo katika nyumba nyingi ndiyo ya kuogea pia. pH yake huwa kati ya 9 na 10. Ongeza maji ya moto, dodoki, na msuguano wa mtu aliyelelewa akiamini kwamba usafi ni kusugua. Kila asubuhi mzee anaondoa mafuta ambayo mwili wake hauwezi tena kuyarudisha kufikia jioni.

Halafu kuna moto. Huku kwetu kuota moto ni sehemu ya maisha, na simlaumu mzee yeyote wa Kitulo au Matamba anayekaa karibu na mafiga saa kumi na mbili jioni. Ila miguu ikikaa karibu na moto kila siku kwa miezi, ngozi inakauka zaidi, na kwa baadhi ya watu miundi hutokea mabaka ya kahawia yenye umbo la wavu. Mabaka hayo yametokana na joto lenyewe, na hakuna krimu inayoyaondoa wakati kiti bado kiko palepale.

Pumu ya ngozi ya uzeeni si moja

Inayoonekana zaidi katika baridi ni ile ya ukavu: miundi, mara nyingine mikono na mgongo, nyufa juu ya ngozi iliyopauka. Hii ndiyo inayotibika kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo inayopewa dawa kali kuliko zote bila sababu.

Ya pili ni ya damu kutuama miguuni. Vena za miguu zimechoka kurudisha damu juu, vifundo vinavimba jioni, ngozi ya juu ya kifundo inakuwa ya kahawia iliyokolea, inakakamaa, inawasha, na baadaye hufunguka kidonda. Hapa mtu anaweza kupaka dawa bora duniani na asipone kama mguu unaendelea kuning'inia kutoka asubuhi hadi usiku. Kinachohitajika ni kuinua miguu anapokaa, kutembea, na mara nyingi kufungwa bendeji za kubana. Bendeji hizo zisifungwe kabla mtaalamu hajahakikisha kwamba mishipa inayoleta damu mguuni inapitisha vizuri, kwa sababu kubana mguu usiopata damu ya kutosha ni hatari.

Kuna mabaka ya mviringo yanayowasha na kutoa majimaji, ambayo watu wengi huyachukulia kuwa fangasi. Kuna magamba yenye mafuta kwenye nyusi, pembeni ya pua na kichwani. Na kuna ile inayoletwa na kitu kinachogusa ngozi, ambayo kwa eneo letu inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Nyanda za juu kusini zinalima pareto. Maua yake yana kemikali zinazoweza kuifanya ngozi ya mtu iyakatae, na mtu anaweza kuyavuna miaka ishirini bila tatizo, kisha mwaka mmoja mwili ukageuka. Tangu hapo kila msimu wa kuchuma na kukausha unamletea kuwasha kwa mikono, shingo na uso, hata kope kuvimba, kwa kuwa vumbi la maua linaruka hewani. Utomvu wa misonobari kwa watu wa mbao wa Mafinga unaweza kufanya hivyo hivyo, pia baadhi ya dawa za ukungu zinazopulizwa kwenye viazi mviringo, na saruji kwa fundi wa zamani. Dalili ya kutiliwa maanani ni mahali: kama sehemu zilizofunikwa na nguo ni nzima na zilizo wazi ndizo zinazoumia, uliza mzee anashika nini. Dawa ya kupaka itampa nafuu ya siku chache, kisha kibandani anakoanikia pareto kuwasha kutaanza upya.

Sababu moja zaidi husahauliwa. Baadhi ya dawa za presha, hasa za kundi la amlodipini na nifedipini, na zile za kuongeza mkojo, zimehusishwa na pumu ya ngozi inayoanza uzeeni. Haimaanishi mzee aache dawa ya presha. Kuiacha ghafla kunaweza kumletea kiharusi. Inamaanisha daktari aambiwe kwamba kuwasha kulianza miezi kadhaa baada ya kidonge kipya.

Kazi ya kwanza: mafuta, na kwa wingi

Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika nyumba zenye wazee, ningebadilisha dakika tano za baada ya kuoga. Maji yawe vuguvugu, kuoga kusizidi dakika kumi hivi, sabuni iende makwapani, sehemu za siri na nyayoni tu, dodoki lipumzike. Kisha mwili ukaushwe kwa kugusisha taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu ipakwe mafuta. Mafuta yanafungia yale maji ndani. Ukisubiri mpaka mzee avae, anywe chai, ndipo akumbuke mafuta, maji yameshakauka na unachopaka kinateleza juu ya ngozi kavu.

Mafuta gani? Yale ya mgando yasiyo na harufu, ya petroli, yanayouzwa kwenye kila duka kutoka Makambako hadi Tunduma, ni dawa halisi, na sioni sababu ya kuyadharau kwa kuwa ni ya bei nafuu. Yanazuia maji kutoka kuliko losheni nyingi za gharama. Hayana maji ndani, kwa hiyo hayahitaji vihifadhi vinavyoweza kuwasha. Losheni ni nyepesi, inapendeza kupaka, lakini kwa ngozi iliyopasuka haitoshi. Krimu iko katikati. Zenye yurea au gliserini husaidia kuvuta maji na kulainisha magamba, ila yurea huchoma ikikuta ufa ulio wazi. Manukato ndiyo ya kuepuka kuliko yote, na bahati mbaya mafuta mengi tunayowanunulia wazee kama zawadi ya sikukuu yamejaa manukato.

Kuhusu mafuta ya kupikia, watu huuliza sana. Utafiti wa Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta ya mzeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima. Ya mzeituni yaliudhoofisha ukuta wa ngozi. Ya alizeti hayakuudhuru na yaliongeza unyevu. Tofauti inaelezwa na asidi za mafuta: mzeituni una asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo hupenya na kuvuruga mpangilio wa mafuta ya ngozi, wakati alizeti ina asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujijenga. Hii ni habari njema kwa Iringa, ambako alizeti inakamuliwa vijijini. Lakini parachichi, fahari ya Rungwe na Njombe, lina asidi ya oleiki kwa wingi kama mzeituni, na kwa sababu hiyo mimi simshauri mwenye pumu ya ngozi kupaka mafuta yake, hata kama yanasifiwa kwa urembo. Mafuta ya nazi hayana shida hiyo. Yakiganda kwa baridi ya Makete ni kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na kuganda hakuyaharibu.

Kiasi ndicho kinachowashangaza wengi. Miongozo ya dawa ya Uingereza hukadiria kwamba miguu miwili ya mtu mzima ikipakwa mara mbili kwa siku hutumia gramu 100 hadi 200 za mafuta kwa wiki. Kopo la gramu 250 likidumu miezi mitatu, mzee huyo hajapakwa, ameguswa tu. Paka kuelekea chini, kwa mwelekeo wa vinyweleo, bila kusugua, maana kusugua juu na chini huziba matundu ya vinyweleo na kuleta vipele.

Na sasa moto tena, safari hii kwa uzito zaidi. Mafuta ya mgando yakiingia kwenye nguo, shuka au blanketi na kukauka humo, kitambaa hicho kinashika moto haraka na kuwaka kwa kasi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kali mwaka 2018 baada ya watu, wengi wao wazee, kufa kwa ajali za namna hiyo. Kufua hupunguza mafuta lakini hakuyamalizi. Mzee aliyepakwa mafuta vizuri, amejifunga kitenge kilekile cha juzi, ameinamia jiko la mkaa: hatari hiyo iko katika nyumba zetu nyingi. Mafuta aendelee kupakwa. Kinachopaswa kubadilika ni umbali wake na moto, na kitenge chenye mafuta kibadilishwe kabla hajasogea jikoni. Sakafu ya bafuni nayo ifutwe, kwa kuwa nyonga iliyovunjika uzeeni ni janga kubwa kuliko pumu yoyote ya ngozi.

Kazi ya pili: kutuliza, yaani steroidi

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Sulzberger na Witten, walionyesha kwamba haidrokotizoni ikipakwa juu ya ngozi inatuliza pumu. Hadi leo dawa za familia hiyo, steroidi, ndizo msingi wa matibabu. Zinazima uvimbe ambao mafuta peke yake hayawezi kuuzima. Kwetu zimepata sifa mbili zinazogongana: wapo wanaoziogopa kama sumu, na wapo wanaozipaka kama losheni.

Jambo la kwanza la kuelewa ni nguvu. Asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu haisemi chochote ukilinganisha dawa mbili tofauti. Haidrokotizoni asilimia 1 ni ya upole. Klobetasoli asilimia 0.05, ambayo kwa macho inaonekana ndogo mara ishirini, ina nguvu mamia ya mara kuliko haidrokotizoni. Ni ya daraja la juu kabisa. Kati yao kuna betamethasoni asilimia 0.1 na mometasoni asilimia 0.1, ambazo ni kali. Kwa hiyo anayesema "nimempa bibi ile ndogo ya sifuri nukta sifuri tano" huenda amempa iliyo kali kupita zote dukani. Steroidi kali zinapaswa kutolewa kwa maelekezo ya daktari, na si vizuri kwamba zinapatikana kwa kutaja rangi ya boksi.

La pili ni mahali. Ngozi ya kope, uso, shingo, makwapa na kinena ni nyembamba na hufyonza dawa nyingi. Huko hutosha haidrokotizoni kwa siku chache. Karibu na macho, steroidi kali kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na mzee tayari yuko kwenye umri wa magonjwa hayo. Miundi, mgongo na viganja vinavumilia dawa kali zaidi.

La tatu, kiasi. Mwaka 1991 Long na Finlay wa Uingereza walieleza kipimo ambacho ningependa kila muuza dawa akionyeshe kwa mkono. Kamua dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja wote pamoja na wayo ni vipimo nane, yaani gramu nne. Kama ugonjwa uko chini ya magoti tu, miguu yote miwili huchukua vipimo kama sita, gramu tatu kwa siku, na tyubu ya gramu 15 inakwisha kwa siku tano. Linganisha na bibi anayetumia tyubu hiyo mwezi mzima, kidogo kidogo kila akiwashwa. Dawa yake haikushindwa. Haikupata nafasi.

Kupaka mara moja kwa siku hutosha kwa nyingi. Kwa kawaida daktari huagiza kila siku kwa wiki moja hadi mbili, mpaka ngozi iwe laini na kuwasha kuishe, kisha hupunguza badala ya kukata ghafla. Kwa wale ambao ugonjwa hurudi palepale kila baada ya wiki chache, kupaka siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu hizo zilizozoea kuugua, hata zikionekana zimepona, huzuia kurudi. Mafuta ya kawaida yanaendelea wakati wote. Kati ya mafuta na steroidi acha nusu saa hivi, ili kimoja kisikisambaze kingine mahali kisipotakiwa.

Hofu ina msingi wake, na kwa mzee msingi huo ni mkubwa. Ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba kwa umri, ikipakwa klobetasoli miezi kwa miezi, inakuwa kama haipo: inavilia damu yenyewe, inachanika kwa plasta, kidonda hakifungi. Ikipakwa eneo kubwa kwa muda mrefu, dawa huingia kwenye damu na kuvuruga tezi za mwili na sukari. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha matumizi makubwa sana ya steroidi kali za kupaka, yakijumlishwa kuwa gramu 500 na zaidi, na mifupa kudhoofika na kuvunjika. Tyubu mbili tatu zilizotumiwa kwa mpangilio ziko mbali mno na kiwango hicho.

Kuhusu rangi, ngozi nyeusi ina mambo yake. Pumu ya ngozi kwetu haiwi nyekundu kama inavyoandikwa kwenye vitabu vingi. Huwa ya kijivu, zambarau au nyeusi zaidi. Ikipona huacha doa jeusi au jeupe kwa miezi, na doa hilo ni alama iliyoachwa na ugonjwa. Mtu akiendelea kupaka steroidi akingoja doa liondoke, anapaka juu ya ngozi iliyokwisha kupona. Na kwa kuwa steroidi huweza kung'arisha ngozi, ndizo zinazoingizwa kwenye mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini, lakini vipo, na bibi anayeazima "krimu nzuri" ya binti yake kwa ajili ya kuwasha anaweza kuwa anapaka steroidi kali usoni bila mtu yeyote kujua.

Kazi ya tatu, na ile tyubu ya mchanganyiko

Krimu inayouzwa zaidi kwa kuwasha ina vitu vitatu ndani: betamethasoni, dawa ya fangasi kama klotrimazoli, na antibiotiki kama neomisini au gentamisini. Ninaelewa kwa nini muuzaji anaipenda. Bila kumwona mgonjwa, inafunika kila uwezekano. Tatizo ni kwamba inafunika kwa maana ya kuficha.

Mzee mwenye fangasi akiipaka, steroidi inazima kuwasha kwa siku chache huku fangasi wakitambaa pembeni, wakipoteza ile duara yao ya kawaida, mpaka hata mtaalamu apate shida kuwatambua. Mwenye upele atapata nafuu kidogo na kuendelea kuwaambukiza wajukuu anaolala nao. Mwenye pumu ya kweli atasaidiwa na betamethasoni pekee, na hizo nyingine mbili anazibeba bure. Neomisini si ya kubeba bure hata hivyo: ni miongoni mwa dawa za kupaka zinazosababisha mzio mara nyingi, hasa kwa miguu yenye damu iliyotuama na vidonda. Mguu unazidi kuvimba na kutoa maji, familia inaongeza dawa, na dawa ndiyo inayouchochea.

Antibiotiki ina mahali pake pale pumu imeingiliwa na bakteria kweli: usaha, maganda ya njano, maumivu, joto. Hata hapo, ikienea, hutolewa ya kumeza. Ngozi inayotoa majimaji husaidiwa pia na kuloweshwa kwa maji ya pamanganeti yaliyozimuliwa mpaka yawe ya waridi hafifu. Yakiwa ya zambarau yanachoma. Dawa nyeupe ya upele, BBE, na marhamu ya fangasi yenye asidi ya salisiliki zisipakwe kwenye pumu kwa kubahatisha. Zinaunguza.

Zipo dawa za kutuliza zisizo steroidi. Takrolimasi, ambayo asili yake ni kiumbe wa udongoni aliyepatikana Tsukuba, Japani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kama marhamu ya pumu ya ngozi. Haipunguzi unene wa ngozi, kwa hiyo inafaa sana kwa kope, uso na shingo za wazee. Siku za mwanzo huchoma kama pilipili, ambalo ni jambo la kuambiwa mapema ili mtu asiitupe. Ina onyo kuhusu saratani lililowekwa mwaka 2006, na daktari hulizingatia kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya ngozi au ya limfu. Bei yake iko juu na hutafutwa kwenye famasi kubwa. Krimu mpya zaidi, kama krisaboroli ya mwaka 2016 na ruksolitinibu ya mwaka 2021, ziko mbali na mifuko ya wengi wetu, na sidhani mzee wa Ileje anakosa usingizi kwa kukosa hizo. Anakosa usingizi kwa kukosa mafuta ya kutosha na maelezo ya kutosha.

Mkono wa kupaka

Miongozo huandikwa kana kwamba kila mgonjwa anafika mgongoni mwake. Mzee mwenye baridi yabisi hawezi kukamua tyubu, haoni maandishi, hainami kufikia vifundo. Lazima apakwe, na hapo heshima inaingia. Katika familia nyingi za Kinyakyusa miiko kati ya baba mkwe na mkamwana bado ina uzito, na mwanamke anayeishi naye nyumba moja ndiye asiyeweza kumgusa. Basi mwanawe au mjukuu wa kiume apangiwe kazi hiyo kwa uwazi, jioni kila siku, badala ya kuacha kila mtu adhani mwingine amefanya. Bibi anaweza kuona aibu kusema anawashwa sehemu za siri hata kwa binti yake, amwambie muuguzi. Kwa asiyeweza kukamua, mafuta ya kopo pana ni rahisi kuliko ya chupa, yakichotwa kwa kijiko safi ili kopo lisichafuke.

Wakati wa kuacha kubahatisha

Wiki mbili za mafuta mengi na dawa sahihi zinapaswa kuleta tofauti inayoonekana. Zisipoleta, usipandishe nguvu ya steroidi. Badilisha swali. Je, nyumba nzima inajikuna usiku, na kuna vipele katikati ya vidole? Huo ni upele, na watu wote hutibiwa siku moja. Baka halisikii likiguswa kwa pamba? Ukoma bado upo na unatibika kwa dawa za bure. Malengelenge makubwa yanayotokea baada ya miezi ya kuwasha ni ugonjwa mwingine wa uzeeni, na ni wa hospitali. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye moto na maumivu, pamoja na homa, ni wa siku hiyohiyo. Kuwasha mwili mzima bila vipele wala mabaka yoyote hupelekea kupimwa figo, ini, sukari, tezi ya shingo, damu na VVU. Na baka moja lisilosikia dawa kwa miezi hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabara, kwa kuwa saratani ya ngozi au ya limfu kwa watu wa umri huo huweza kufanana na pumu.

Kwa huku kwetu, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya na zile za rufaa za mikoa ndizo njia ya kuanzia, na vituo vingi vina dirisha la wazee, kwa msingi wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikiandaa wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, hivyo inafaa kuuliza hospitalini kama yuko aliyepitia huko. Siku ya kwenda, weka kwenye mfuko mmoja kila kitu kinachogusa ngozi ya mzee: tyubu zote, hata zilizokwisha, sabuni, mafuta, krimu aliyoazima, na vidonge vyake vya presha. Usimpake steroidi asubuhi hiyo, ili mtaalamu aione ngozi ilivyo.